Kusubiri Wengi kwa Wakati Mmoja

Mshika mbili moja humponyoka. Methali hii tumelishwa tangu shule ya msingi, na sidhani kama kuna kijana wa mjini ambaye hajatandikwa nayo na mjomba au baba mdogo siku aliyosema kwamba anauza mitumba, anajifunza kompyuta na anaandika hadithi, vyote kwa mpigo. Chagua moja, mwanangu, ndivyo utakavyoambiwa. Nami sina ugomvi na wahenga. Ninachotaka kusema leo, ndugu msomaji, ni kwamba kushika ni jambo moja na kusubiri ni jambo lingine. Mikono ni miwili tu, hilo tunakubaliana. Lakini kuna namna ya kusubiri mambo mia, hata elfu kumi, bila moja kukuponyoka. Namna hiyo ina historia yake na majina yake, na inaendesha sehemu kubwa ya mambo unayoyagusa kwenye simu yako kila siku. Ina tundu lake pia, na tundu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kazi yangu ni kuchapa barua na fomu za watu katika steshenari moja hapa Buhongwa, kando ya barabara kuu ya kwenda Shinyanga. Ukuta kwa ukuta na sisi kuna kibanda cha dada mmoja wa mihamala. Mezani kwake zimepangwa simu nne, karibu zote vitochi: ya M-Pesa, ya Airtel Money, ya HaloPesa, na ile ya Tigo Pesa ambayo tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas. Mbele yake kuna benchi, na kwenye benchi kuna mama wa dagaa anayetaka kuweka, konda anayetaka kutoa, mwanafunzi anayesubiri hela ya nyumbani, na dereva wa boda ambaye hata hajakaa, amebaki na pikipiki yake inanguruma. Simu nne, watu kumi, dada mmoja. Na wala hakimbii. Nilikuwa namtazama hivyo kwa miezi, hadi siku nilipoanza kujifunza programu usiku, kwa kompyuta ya ofisini na miongozo niliyopakua, nikagundua kwamba anachofanya yeye kina jina.

Sasa sikia upande wa kompyuta. Programu haioni dunia moja kwa moja. Huongea na nje kupitia vishikio, na kwenye mifumo ya jamii ya Unix kila kishikio ni namba ndogo tu. Sifuri ni yale unayoyaandika kwa kibodi, 1 ni yale inayokuonyesha, 2 ni malalamiko yake ya makosa. Kuanzia 3 na kuendelea ni mafaili iliyofungua na miunganisho iliyo nayo na kompyuta nyingine. Kwa kawaida programu ikisema "nisomee kutoka namba 5" na huko kwenye 5 hakuna kilichofika, programu hulazwa usingizi papo hapo. Haifanyi jingine lolote. Hata kama kwenye 6 na 7 watu wanagonga mlango, yenyewe imekwama kwenye 5.

Aliyewahi kusafiri kwenda Sengerema au Geita kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025 anaujua usingizi huo. Gari lilifika Kigongo, kivuko kiko ng'ambo, basi. Dereva angekuwa na haraka ya namna gani, angekuwa na mgonjwa au na samaki wanaoharibika, alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kukisubiri kivuko.

Kuna njia mbili za zamani za kujinasua hapo. Ya kwanza ni ya watoto wengi. Wazee hutusimulia miaka ya mwanzoni mwa themanini, sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipokuwa vimeadimika, hadi mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Familia yenye watoto wengi ilikuwa na ahueni: mmoja anatumwa foleni ya sukari, mwingine ya sabuni, wa tatu ya mafuta. Kila mtoto analala kwenye foleni yake, na yeyote atakayepata anarudi nacho. Ndivyo programu nyingi zilivyofanya na bado zinafanya: kila muunganisho unapewa uzi wake wa kazi, uzi huo unalala pale pale ukisubiri. Ni njia rahisi kuielewa, na kwa foleni tatu haina tatizo. Foleni zikiwa elfu kumi inakubidi uwalishe watoto elfu kumi ambao wengi wao wamesimama tu. Kila uzi unadai sehemu yake ya kumbukumbu, na kuwabadilisha huyu kwa yule kunamaliza nguvu za mashine.

Njia ya pili ni ya kuzunguka. Unauliza 5: una kitu? Hapana. Unauliza 6: una kitu? Hapana. Unauliza 7, kisha unarudi 5 tena. Hakuna anayelala, lakini mashine inachemka kwa kuuliza tu, mchana kutwa, hata pale ambapo hakuna hata mmoja mwenye jambo. Masela wa kijiweni wanaofungua simu kila dakika kuona kama tangazo la ajira limejibiwa wanaijua njia hii. Jioni wamechoka, na hawajafanya kitu.

Mwaka ule ule wa 1983, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, lilitolewa toleo la Unix lililoitwa 4.2BSD, na ndani yake mlikuwa na wito mpya ulioitwa select. Wazo lake ni jepesi mno, mtu anaweza kucheka. Programu inaiambia kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachopokea vyote vinavyoingia na kutoka: hii hapa orodha ya vishikio vyangu. Hivi nataka kuvisoma, hivi nataka kuviandikia. Mimi nalala. Chochote kati ya hivi kikiwa tayari, niamshe uniambie ni kipi. Na kama dakika kadhaa zikipita bila kitu, niamshe vilevile.

Basi. Programu inalala mara moja tu, kwa ajili ya wote, badala ya kulala kwa ajili ya mmoja. Ikiamka inawahudumia walio tayari, kisha inarudi kulala. Baadaye kidogo ukaja wito ndugu yake, poll, katika tawi lingine la Unix. Kazi ni ile ile, namna ya kuandika orodha tu ndiyo tofauti.

Orodha hiyo ndiyo iliyoleta noma. Kwa select unaipeleka upya kila unapotaka kulala, na kerneli inaipitia yote toka juu hadi chini. Tena kwenye Linux ya kawaida select haikubali kishikio chenye namba inayofika 1024. Intaneti ilipopanuka, mwaka 1999 mhandisi mmoja aitwaye Dan Kegel aliandika swali ambalo waandishi wa programu walilishika kwa miaka: seva moja itawezaje kuhudumia wateja elfu kumi kwa wakati mmoja? Majibu hayakuchelewa. Mwaka 2000 FreeBSD ikaja na kqueue. Mwaka 2002, katika Linux iliyokuwa bado inatengenezwa, ikaingia epoll, kazi ya Davide Libenzi. Katika hizi mbili husomi majina ya wateja wako wote kila mara. Unamwandikisha kila mteja siku moja, anapokuja, na unamfuta anapoondoka. Ukiamshwa unapewa walio tayari peke yao. Wakiwa watatu kati ya elfu kumi, unapewa hao watatu. Mwanzoni mwa 2012 WhatsApp walieleza kwamba seva yao moja, iliyotumia FreeBSD, ilikuwa imeshikilia miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Meseji uliyomtumia mama leo asubuhi ilipita katika usingizi wa namna hii.

Sasa nirudi kwa dada, maana ufundi huu una kanuni zake ndogo ndogo ambazo yeye anazijua bila kusoma kitabu.

Kanuni ya kwanza ni kikomo cha muda. Jumamosi moja mtandao mmoja ulisinzia. Mama mmoja alikuwa ametuma hela na jibu halirudi. Dada hakuganda na simu ile mkononi. Alisema, "Mama, hiyo imekwama kidogo. Kaa hapo kwenye benchi, ikijibu nakuita. Haya, anayefuata!" Zilipopita dakika tano akaichukua simu, akaangalia salio. Mama akamwambia, "Si utume tena tu, mwanangu?" Akamjibu, "Hapana mama, itaenda mara mbili." Kikomo cha muda hakimaanishi kwamba jambo limeshindikana. Kinamaanisha kwamba sasa ni wakati wa kwenda kutazama.

Kanuni ya pili: kuitwa si kupata. Mwongozo wa Linux wenyewe unaonya kwamba select inaweza kukuambia kishikio kiko tayari, kumbe ukienda kusoma unakwama, kwa mfano pale data ilipofika ikiwa imeharibika njiani na kerneli ikaitupa. Ndiyo maana waandishi makini huviweka vishikio vyao katika hali ya kutokwamisha: kama kipo nipe, kama hakipo niambie nijaribu baadaye. Dada naye simu ikitetemeka haamini mtetemo. Meseji za kitapeli zimejaa mjini. Anaangalia salio kwanza, ndipo mkono wake unaingia kwenye droo.

Kanuni ya tatu ni namna ya kuitwa. Epoll ina tabia mbili, unachagua. Ya kwanza ni kama taa: inawaka muda wote ambao kuna kitu hakijasomwa. Ya pili ni kama kengele inayolia mara moja, pale kitu kipya kinapofika, halafu kimya. Ukichagua kengele, ukiitika lazima usome mpaka mwisho, hadi uambiwe hakuna tena. Ukisoma meseji moja na zilikuja tatu, zile mbili zinaweza kukaa humo na kengele isilie tena kwa ajili yake.

Kanuni ya nne ni upande wa kutoa, ambao wengi wanausahau. Kuandika nako kunasubiri. Kishikio kiko tayari kuandikiwa pale tu panapokuwa na nafasi, kwa sababu anayepokea upande wa pili anaweza kuwa mzito. Mtu akija kutoa laki tatu na droo ina laki na nusu, dada hayuko tayari kwa kutoa, hata kama floti imejaa kwenye simu. Anamwambia akae, anawahudumia wanaoweka, na droo ikijaa anamwita.

Kanuni ya tano ndiyo kali kuliko zote: usimzamie mtu. Mpango huu wote una mhudumu mmoja. Ikitokea programu imeamshwa na kishikio namba 5, halafu ikaanza kupiga hesabu ndefu ya sekunde ishirini kwa ajili ya 5, basi 6 hadi elfu kumi wote wamekwama kwa sekunde hizo ishirini, na epoll haina la kuwasaidia. Ndiyo maana kazi nzito hupelekwa pembeni. Mzee mmoja alipomtaka dada amsomee miamala yake yote ya mwezi, moja baada ya nyingine, na benchi imejaa, aliletwa kwangu. "Kaka mwandishi, msomee mzee huyu, mimi naendelea."

Hadi hapo, msomaji mpenzi, unaweza kudhani nimekuja kuisifia mashine. La hasha. Nimesema ufundi huu una tundu, na sasa nalifikia.

Select, poll, epoll, zote zinajibu swali moja tu: nani yuko tayari? Hazijibu nani ana shida kubwa. Mama yule wa Jumamosi alikuwa anatuma elfu arobaini Sengerema, mtoto wa dada yake amelazwa na dawa zinanunuliwa nje. Kwenye foleni alikuwa wa nne. Dada alimtazama usoni akamchukua wa kwanza, na wale watatu hawakununa, maana nao walikuwa wamemwona. Kerneli haioni sura. Kwake kishikio cha mtu anayepakua picha za harusi na kishikio cha mtu anayetuma hela ya dawa ni namba mbili, zote ziko tayari. Kupanga nani atangulie ni kazi ya aliyeandika programu, na kama hakuifikiria, hakuna aliyeifikiria.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Kompyuta ya upande wa pili ikizimika umeme ghafla, au waya ukikatika, haiagi. Haitumi neno la kwaheri. Kwa upande wako kishikio kinabaki vilevile, kimefunguliwa, kimya. Hakitakuwa tayari leo wala kesho. Epoll itakuamsha kwa ajili ya wengine maelfu, na huyo hatatajwa kamwe, kwa sababu kazi yake ni kutaja wenye jambo. Kimya cha aliyetulia na kimya cha aliyekatika vinafanana. Dawa yake iko nje ya ufundi huu: lazima mwenyewe uende kumuuliza aliyenyamaza kama bado yupo. TCP ina utaratibu wa kufanya hivyo programu ikiuomba, na kwenye Linux, usipoubadilisha, unangoja saa 2 nzima za ukimya ndipo uulize mara ya kwanza.

Kuna babu mmoja mstaafu ambaye mwanawe yuko Geita. Kila mwanzo wa mwezi huja na fimbo yake kutoa hela anazotumiwa. Akifika husalimia "Mwangaluka!" kwa sauti ya kuamsha stendi nzima. Mwezi mmoja tarehe 1 ikapita, ya 2 ikapita, ikafika ya 6. Simu nne zilikuwa zinaita kama kawaida na benchi limejaa kama kawaida. Hakuna kilichopungua ambacho mtu angekiona. Mchana dada akachungulia kwangu.

"Kaka mwandishi, babu wa Geita umemwona?"

"Sijamwona."

"Simu zinaniambia waliokuja tu," akasema. "Hakuna inayoniambia nani hajaja."

Akafunga kibanda saa sita mchana, saa ambayo kamisheni yake ndiyo inaingia, akapanda boda. Alimkuta babu amelala siku ya tatu na homa, simu imeisha chaji, hela za mwanawe zimo humo humo kwenye simu iliyozimika. Jirani alidhani kasafiri kwenda kwa mtoto. Mtoto alidhani baba kashazipokea na ametulia. Kila mmoja alikuwa anasubiri kuambiwa. Alipelekwa kituo cha afya, ikaonekana ni malaria, akatibiwa, akapona. Tangu hapo dada ana daftari la wale waliozoea kuja, na kila tarehe 5 analipitia jina kwa jina, hata simu zikiwa zimetulia zote.

Vijana wenzangu tunaoandika, sisi kusubiri ndiyo maisha yetu. Mswada uko kwa mhariri, barua ya kazi iko ofisini, shairi liko kwenye mashindano, na nyumbani wanasubiri tuseme tumefikia wapi. Wapo kati yetu waliompa mchapishaji kitabu kimoja wakakaa mlangoni miaka miwili, hawaandiki kingine, kama dereva wa Kigongo. Wapo wanaozunguka kuuliza kila siku mpaka wachapishaji wakawachoka. Mimi nasema andikisha mambo yako yote, uyawekee kikomo cha muda, kisha rudi kwenye ukurasa. Litakaloiva litakuamsha. Ukiamka, litendee haki hadi mwisho na usizame humo.

Lakini weka daftari. Wapo ambao hawatakupigia, na si kwa sababu hawana jambo. Rafiki uliyekuwa ukisoma naye hadithi zako zamani, mwalimu wako wa Kiswahili, bibi asiye na simu. Hao hawatatokea kwenye orodha ya walio tayari. Ni wewe wa kwenda kuwagongea.